Vifungo vya Shingo ya Mama

Mama alicheka siku ya kwanza alipoona mkufu wangu wa vifungo. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeletewa mbuzi wa udongo na mtoto, akaambiwa amkamue. "Hizi ni shanga za watu wasio na shanga," alisema kwa Kiturkana, akaurudisha mkufu mezani kwa vidole viwili. Yeye alikuwa amevaa zake, uzi juu ya uzi kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, zimelowa mafuta ya miaka yote ya ndoa yake. Shingo yenyewe sikuwahi kuiona. Nimezaliwa naye, nimenyonya kwake, na sikujua kama ana kovu huko au hana.

Niliudhika. Hasira zangu ziko karibu, na mkufu ule ulikuwa umenila siku mbili nzima.

Kazi hiyo niliipata Kakuma, ambako nina kibanda cha kushona. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mkimbizi kutoka Kongo, mwanamke aliyenizidi umri kidogo. Nilimwita yaya, kama wadogo zake wanavyomwita dada yao mkubwa. Yaya alikuwa akiokota vipande vya kitenge ambavyo sisi mafundi tunavifagia, anavivalisha vifungo, na vifungo hivyo vinageuka kuwa hereni, pete, mikufu, vibanio na bendi za nywele kwa wasichana wanaofunga shule na kuruhusiwa kusuka. Vifungo vya dukani vilikuwa vinakwisha haraka, kwa hiyo tulitumia vizibo vya soda. Unakiponda kizibo kwa jiwe hadi kilale, unakata mviringo wa kitenge mpana kuliko kizibo, unapitisha uzi ukingoni, unaweka kizibo katikati, unavuta. Kitambaa kinajifunga chenyewe. Mimi nilikuwa navuta kwa nguvu na kukata uzi kila mara.

"Weye uko na kasirani mingi, dada," yaya alikuwa akiniambia. "Kitambala hakina kosa."

Basi, mwaka jana mama akaanguka. Anakaa Lodwar, pembeni mwa mji, na asubuhi moja aliteleza kwenye tope la bombani akiwa na mtungi wa lita ishirini kichwani. Alisema hakuumia. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwake nikaona kikombe cha chai kinamtoka mkono wa kushoto, kikavunjika, naye akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Vidole vilikuwa vinalala. Shingo ilikuwa haigeuki. Nikampeleka hospitali, na daktari akasema ni lazima apigwe picha ya eksirei ya shingo upesi, kwa sababu kama mfupa umevunjika, siku moja anaweza kugeuka vibaya na asisimame tena.

Na eksirei haipigwi juu ya shanga.

Kwetu mwanamke aliyeolewa anavua shanga akifiwa na mume. Baba alikuwa hai, mzima kabisa, yuko upande wa Katilu na mbuzi wake. Kijana wa eksirei, mtu wa kutoka mbali na mwenye adabu, alijaribu kumwelewesha. "Mama, ni dakika mbili tu. Ukitoka hapa unavaa tena."

Nilimtafsiria. Mama akajibu bila kupandisha sauti, "Dakika mbili zinatosha mume kufa." Kisha akasimama akaenda zake, mkono wa kushoto ukining'inia.

Nilimfuata nikimfokea njia nzima. Nilimwambia ni mkaidi, nilimwambia atamwacha baba na mzigo, nilisema mengi ambayo binti hasemi. Tulipofika nyumbani aliketi, akanitazama, akaniuliza, "Ule mkufu wako wa watu wasio na shanga, unao?"

Alikuwa ameshafikiri yote. Shingo isiwe tupu hata kidogo: kwanza vifungo vivaliwe chini kabisa, kisha shanga zifunguliwe nyuma, uzi mmoja mmoja, ziwekwe kwenye beseni. Kesho yake tulifanya hivyo. Kijana wa eksirei alipoona vifungo akasita. Mama akavishika akamwambia kwa Kiswahili chake, "Hii nguo tu, daktari. Nguo si kitu." Kijana akagusa kimoja, akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kweli niliona nguo tu. Nilikuwa nimevivalisha vizibo kwa miaka mingi hadi nikasahau kuna nini ndani.

Picha ilitoka na miviringo kumi na minne myeupe, kama mwezi mpevu, imepangana juu ya shingo ya mama. Mfupa hata mmoja hauonekani. Kijana aliitazama muda mrefu.

"Dada," akaniuliza taratibu, "mama amevaa vizibo vya soda?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alipoelezwa alicheka tena, kicheko kile kile, halafu akakatiza kwa maumivu, akashika shingo. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Kijana akatupa nafasi ya kurudi keshoye. Nikampigia yaya simu Kakuma nikamweleza. Alicheka mpaka simu ikakatika, akanipigia yeye.

"Shangazi yangu alikuwa anatengeneza bifungo bila kitu ngumu ndani," alisema. "Ukate miviringo ya kitambala mingi, upange moja juu ya ingine, ushone katikati mpaka ikaze. Pamba tupu. Kisha njo uvalishe. Na leo usivute na kasirani."

Nilikuwa na kitenge cha juu, ila cha ndani sikuwa nacho. Mama akaingia chumbani akatoka na shuka kuukuu ya baba, ile ya pamba iliyochakaa mabegani kwa kubeba fimbo, akaiweka mapajani mwangu. Nikaikata miviringo, tabaka saba kwa kila kifungo. Mama akajitolea kunishikia kibiringo cha uzi kwa mkono wa kushoto. Kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Mara ya tatu nilijifanya natafuta mkasi. Nilishona kumi na nne kabla jua halijazama, na sikukata uzi hata mara moja.

Asubuhi tulianza upya, vifungo chini, shanga kwenye beseni. Kijana wa eksirei safari hii alibonyeza kifungo kimoja kimoja kwa dole gumba, kuanzia sikio hadi sikio, kama anayekagua nyanya.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Mzee yangu," mama akamjibu.

Kijana akanigeukia. "Shuka yake," nikamwambia. "Pamba tupu, naapa." Akatabasamu akaenda kuwasha mashine yake.

Picha ilitoka safi. Daktari akasema mfupa haukuvunjika, ni uvimbe ulioubana mshipa wa fahamu. Dawa, kola ya sponji wiki sita, na asibebe mtungi tena. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, na watu waliokuwa wanangoja zamu wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Mama aliona haya kwa niaba yangu, akavuta leso akanifunika kichwa. Kisha kola ikavalishwa juu ya vifungo, na shanga zikarudi nyumbani kwenye beseni, nimezibeba mimi.

Tulipewa ile picha tukaenda nayo nyumbani. Mama alitaka kuiona vizuri, kwa hiyo nikaiinua mlangoni, jua likapita ndani yake. Mifupa ilionekana yote, midogo, imepangana, na taya, na mapengo ya meno aliyong'olewa utotoni. Nilimwonyesha mmoja mmoja. Yeye alikuwa haangalii huko. Alikuwa anatafuta kitu chini ya taya, akipitisha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hakukipata, kwa sababu pamba haionekani kwenye eksirei, na ndivyo nilivyohangaika iwe.

"Huyu mjane ni nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, mama."

Kisha akainua mkono wa kushoto, ule unaolala, akafungua kisanduku changu cha kazi, akahangaika na sindano hadi ikatulia katikati ya vidole vyake, akanipa.

"Mshonee na yeye," alisema. "Mume wake yuko hai."

Kilikuwa kimebaki kipande cha shuka. Nikatengeneza vifungo vidogo, vya ukubwa wa hereni, nikaiweka picha magotini, nikaanza kuvishona shingoni pake. Sindano ilikuwa inapita kwa urahisi, na bado nilikwenda polepole, nisije nikamdunga.