Simu ya mgeni iliposoma kanga yangu

Jamani, leo simu ya mtalii imenichongea!

Nnamtembeza mgeni Mkunazini. Simu yake akiielekeza kwenye maandishi yoyote, inayasoma kwa sauti na kuyafasiri.

Tukapita barazani kwa jirani yangu, Bi Zuhura. Nami, makusudi, nimejitanda kanga ya kumpiga kijembe.

Mgeni akaielekeza simu mgongoni kwangu. Ikasoma, mtaa mzima unasikia: "Nisengenye utakavyo, sikondi."

"Nani anakusengenya?" mgeni akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Nikatazama dari la barazani kama fundi.

Bi Zuhura akainuka taratibu, akageuka. "Mwanangu, isome na yangu."

Simu ikasoma: "Nikusengenye, una lipi jipya?"

Mgeni kafurahi! Kaandika kwamba Unguja majirani hupelekeana barua mgongoni.

Niko duka la kanga Darajani sasa hivi. Nimjibu nini Bi Zuhura? Nitajieni haraka!