Fyekeo la Roselyne

Roselyne alihamia chumba cha juu ya duka la Inderjit, pale Kings Norton, baada ya miaka tisa ya kuhamahama Birmingham: Winson Green, Sparkbrook, kisha Acocks Green, ambako dirisha lake lilitazama ukuta. Hapa dirisha lilitazama uwanja wa kale wa nyasi ambao wenyeji huuita Green tu, wenye miti mikubwa, mnara wa kanisa uliochongoka na jumba la mbao la zaidi ya miaka mia tano. Akirudi kutoka zamu ya kutunza wazee, alifungua pazia, akanywa chai yake ya maziwa na kumshukuru Mungu kwa sauti. Hakuona haya kushukuru.

Ila kona moja ya Green, penye mteremko mbele ya mlango wake hasa, ilimkera. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Kwao Kitale, nyasi za namna hiyo mlangoni ni aibu. Wapita njia husema humu hakuna mtu, au kuna mgonjwa. Basi Jumamosi moja ya Mei, asubuhi na mapema, akatoa chini ya sanduku fyekeo alilokuja nalo kutoka kwao, akajifunga leso kiunoni, akafyeka. Alifyeka kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa akiimba. Kufikia saa mbili kona ilikuwa safi kama kichwa kilichonyolewa, naye akaenda kulala fofofo.

Mchana Inderjit akamgongea mlango, akamweleza taratibu. Nyasi zile ziliachwa makusudi. Mzee Lionel, wa nyumba ya tatu, alipanda pale maua ya porini kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe, na yalikuwa yamebakisha wiki mbili kuchanua.

 Roselyne akampigia simu rafiki yake Brigid, muuguzi.

"Brigid, nimefyeka kaburi la mtu."

"Si kaburi, ni maua."

"Ni the same thing. Watanifukuza huku. Nitarudi kutazama ukuta."

"Wewe, enda u-apologise kabla hajakuja kwako. Na usiende mikono mitupu."

Akakanda mandazi, akayapeleka yangali moto. Lionel alimfungulia.

"Nilidhani nasaidia," Roselyne alisema. "Kwetu nyasi zikifika pale, mtu hufyeka. Sikuuliza. Nisamehe, mzee wangu."

Lionel aliupokea mfuko wa mandazi. "Siwezi kusema haijaniuma," alisema. Kisha akauliza, "Ulikata kwa kifaa gani? Mashine yetu ya kukatia nyasi haipandi ule mteremko."

Roselyne akalileta fyekeo. Mzee akalipima mkononi, akalipunga mara moja hewani, na machozi yakamlengalenga.

"Mke wangu alipenda maua, nyasi ndefu alizichukia. Kila Mei tuligombana juu ya jambo hilo. Leo angekushangilia wewe, si mimi." Akala andazi moja, akachukua la pili. "Mizizi ipo, yatachipuka. Lakini kila Septemba, mbegu zikishadondoka, lazima pafyekwe, na magoti yangu yamekataa. Utanifyekea?"

Maua yalikuja Agosti, mafupi, yamechelewa, mekundu na ya buluu. Roselyne aliyatazama dirishani kila asubuhi kama mtu anayehesabu vifaranga, na kwa kila ua jipya alishukuru upya.

Septemba Lionel alikuja na kiti cha kukunja, akaketi chini ya mti. Begani alikuwa na reki ya mkewe, mpini wake umelainika kwa miaka ya kushikwa. Akamkabidhi Roselyne, ya kukusanyia nyasi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka hiyo yote nchi hii ilikuwa imempa Roselyne kazi, chai na tabasamu, naye hakuwahi kulalamika. Lakini jembe la kumfanya mwenyeji lilikuwa halijamfikia. Akaipokea ile reki kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama wafanyavyo kwao.