Shilingi Juu ya Sindano

Siku nilipouvunja mlango wa chumba cha mbele kwa mchi wa kinu, mwanangu alikuwa na harage puani. Hajafikisha miaka miwili, analia, na kila akivuta pumzi harage linazidi kupanda. Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta mrefu wa ua:

"Shoga, mpeleke zahanati, unangoja nini?"

"Nipite wapi? Nimefungiwa!"

Nyumba yetu ya mtaa wa Chemchem ilikuwa na njia moja ya kutokea, nayo ilipita chumba cha mbele. Mlango wa uani mume wangu aliuziba kwa matofali, eti wezi. Chumba cha mbele kilikuwa cha gramafoni yake ya betri na santuri zake, zimefunikwa kitambaa nilichodarizi mimi. Yeye ni mtu wa reli. Kila akisafiri na treni alifunga mlango wa ndani na wa barabarani, akaondoka na funguo. Mimi na mtoto tukabaki upande wa uani, na chumba cha kulala, jiko na choo. Kosa letu? Santuri zilianza kukwaruza, naye akaamua ni vidole vya mtoto.

Havikuwa vidole. Sekondari nilisoma fizikia na niliielewa. Santuri ina mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kuta za mfereji huo zina mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo sauti yenyewe, ya mwimbaji na ya gitaa, imechongwa humo. Sindano ikipita inatikiswa, mtikisiko unageuzwa umeme, spika inaitikisa hewa, tunasikia mtu anaimba. Sasa sindano yake ilichakaa, na duka la ushirika lilikuwa na majembe na viberiti, sindano hakuna. Ikawa inaruka. Akabandika shilingi juu ya kile kichwa cha gramafoni kinachoshika sindano, iikandamize. Kuruka iliacha, kweli. Ila kila alipopiga wimbo, sindano ile butu ililima kuta za mfereji, ikala sauti. Na aliyefungiwa ni mimi.

Basi siku hiyo, kwa mchi, kitasa cha mlango wa ndani kiling'oka. Nikafungua dirisha la barabarani, nikatokea hapo na mtoto kifuani, kanga imepasuka. Zahanati mganga alilitoa harage kwa koleo, limeshavimba. Akauliza mbona nimechelewa.

Mume wangu aliporudi aliangalia mlango kwanza, kisha santuri, ndipo mtoto.

"Umevunja mlango wangu kwa ajili ya harage?"

"Ondoa shilingi yako pale. Ndiyo inayokula nyimbo zako."

"Haya, mwalimu! Shilingi ina meno?" Akacheka. "Kesho fundi anatia kitasa kingine. Kikubwa."

Sikungoja hiyo kesho. Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, baba balozi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetoka?"

"Nimetoka kushitaki."

"Aa, ya mke na mume hayo. Myamalize wenyewe."

"Tutayamalizaje, kila akienda Kigoma mimi nafungiwa? Andika, baba."

Alinitazama, akatafuta kalamu, akaandika nilivyomtajia:

"Nashitaki kwamba mume wangu hutufungia uani, mimi na mtoto, kila anaposafiri, kwa kulinda santuri anazoziharibu mwenyewe. Mtoto alipata dharura, hatukuwa na njia. Nataka funguo za mlango wa ndani na wa barabarani zikae kwangu, au matofali ya mlango wa uani yabomolewe. Naomba aitwe kabla hajapanda treni tena."