Santuri Iliyokaa Sandukuni

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile tulipoanua matanga ya baba yangu kule Misungwi. Baba alikuwa baharia wa meli za ziwani, na safari moja alirudi kutoka Kisumu na santuri ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, gitaa la umeme likilia kama mtu aliyefiwa. Kiingereza hatukukijua. Lakini jioni akiipiga, hata mama aliacha kupepeta mchele.

Sasa, msibani watani huchukua vitu vya marehemu mpaka uvikomboe, kwa kuku au kwa pombe. Desturi hiyo unaijua. Mtani wetu mkubwa alikuwa binamu yangu Masanja, mtoto wa shangazi, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe. Alishinda amevaa koti la baba, akiigiza mwendo wake, watu wakicheka huku wanalia. Tulipomaliza akarudisha koti. Santuri haikuwepo.

Nikamuuliza mbele ya watu. Akasema, "Nimeshaila kwa ugali, binamu. Ilikuwa ngumu kidogo."

Watu wakacheka. Mimi nikamwita mwizi.

Kwa haki niseme, mzaha ule ulinikuta na uchungu. Lakini neno lile lilikuwa langu, si lake. Masanja aliacha kucheka, akachukua baiskeli yake, akaondoka. Hakukanyaga kwetu tena, na mimi sikumfuata. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mwaka huu, tukitengeneza paa la nyumba ya marehemu mama, nikafungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya kitenge, santuri ya baba. Nadhani aliificha kwa kuwa nyumba yenye msiba haipigi muziki. Nasema nadhani, maana siku ile alikuwa chumbani na wanawake wenzake, hakunisikia nikiuliza, na miaka yote iliyofuata sikumuuliza hata mara moja. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu.

Nikaenda Bujora anakoishi Masanja, nimeipakata njia nzima. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Nikamkabidhi tu, nikasema, "Binamu, nilikukosea."

Akaigeuza, akaipuliza vumbi, akanitazama sana.

"Kumbe imetoka," akasema. "Nilidhani itanikaa tumboni mpaka kaburini."

Mkwewe ana mashine ya zamani ya santuri. Inakwaruza, na wimbo wa pili unaruka. Tulikaa bega kwa bega, mpaka ikaisha. Kisha Masanja akaigeuza upande wa pili.

Mwanangu, sijui kama mimi ndiye wa kukushauri. Lakini kitu kikipotea, uliza kwanza nyumbani kwako, hasa kwa yule aliye kimya. Mzaha wa mtu usiufanye ushahidi. Na ukikosea, nenda mapema, usingoje mvi kama mimi. Mungu akujalie mtani wa kukucheka ungali hai, na akupe miguu ya kumfuata siku akiondoka.