Nsansa Haimo Kwenye Karatasi Yao

Ulikuwa mwaka ule mahindi yalipoungua shambani, tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, asubuhi, michembe mchana, na jioni nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha, imeungwa kwa karanga. Nsansa ikaisha, tukabaki na michembe mitupu. Haukupita muda fizi zangu zikaanza kuvuja damu. Kliniki wakanipima, wakasema damu imekuwa nyepesi mno, wakanipunguzia dawa ninayomeza damu isigande. Hapo nikajua: nsansa na kidonge changu vinavutana kamba. Sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na fizi.

Msimu uliofuata nikatoka kijijini kwetu Ipole na mke wa mwanangu kwenda kliniki ileile, Tabora mjini. Tukamkuta kijana na makaratasi, anapima wagonjwa kama wanaijua dawa yao ya kuzuia damu isigande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Dawa yako inaitwaje?"

"Kidonge cha pinki. Nameza kizima kila jioni, Jumapili nusu. Sijaruka hata siku moja."

"Jina, bibi."

"Jina la nini? Nakimeza, sikiiti."

Akaandika sifuri, nikaiona. Kila akifungua karatasi analamba kidole, tena kwa ulimi wote, kama ng'ombe kwenye magadi. Kisha kwa kidole hichohicho chenye mate akachokoa vidonge vyangu ndani ya kichupa nilichompa akione.

"Unakula spinachi? Brokoli?"

"Brokoli ndiyo nini?"

Sifuri nyingine.

"Mbona nsansa huniulizi?"

"Haimo humu, bibi."

Ningetema, ptu! Mate yangu niliyameza tu kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Akanigeuzia mgongo, akamwambia mke wa mwanangu, "Dada, bibi hana uelewa. Dawa ushike wewe, uwe unampa."

Mke wa mwanangu huyohuyo aliyeniletea vidonge vya maumivu vya dukani niongeze juu ya hiki cha damu, na kliniki walikwisha kutukataza! Ningemsikiliza, ningeshazikwa. Naye bila haya akanyoosha mkono.

"Lete, mama, gari litatuacha."

Nikampokonya kijana kichupa, nikakipangusa mate yake, nikakifunga kwenye pindo la kanga.

"Dawa zangu nashika mwenyewe."

"Bibi mkali huyu!" Kijana akacheka.

"Mama, watu wanatutazama."

"Watazame. Dawa zangu nashika mwenyewe."