Waya wa Arthi Nilioukata Kabati

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la redio mjini Kitui, sikuruhusiwa kugusa kitu. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nilikuwa nimemaliza shule ya msingi nikijiona msomi. Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyevaa koti la khaki hata jua likiwaka, alinikalisha mbele ya amplifaya, mashine ya kukuza sauti, iliyofunguliwa mgongo, akaniamuru nitie mkono wa kushoto mfukoni.

"Hii kazi inafanywa na mkono mmoja," alisema. "Ukishika na miwili, stima inapita kwa moyo. Na stima haijui wewe ni mtoto wa nani."

Nilikaa hivyo hadi jioni, nikimtazama. Amplifaya za siku hizo zilitumia valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Hata ukizima mashine, kapasita zake, vile vikopo vinavyohifadhi stima, zingeweza kukutupa ukutani. Magita ya stima, ambayo pia tuliletewa, hayakuwa na siri kubwa. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Ukikatika, unauzungusha upya kwa mkono, na ukipitiwa na usingizi unaanza tena huku ukijilaani. Vijana wa leo mnabadilisha bodi nzima na kuuita huo ufundi. Haya, endeleeni.

Baada ya miaka michache Meneja, aliyekaa Nairobi na kututembelea mwisho wa mwezi, alinipeleka mji mdogo wa Kabati kufungua tawi. Nilifurahi kwa wiki moja. Kisha nikagundua kwamba Kabati nzima hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya valvu. Wateja walileta redio, wakaziacha, wakaenda zao. Jumapili watu wa kanisani walinisalimu kwa adabu, lakini nani angemkaribisha chai mtu anayetengeneza magita ya dansi? Nilikula peke yangu, nikaosha sahani moja.

Isipokuwa Musyoka. Huyu alikuwa mpiga gita wa bendi ya hapo, na alikuja dukani hata bila kitu kilichoharibika. Alinitania kwamba natengeneza magita na siwezi kupiga hata moja. Ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye, na ningefanya lolote asiniache.

Siku moja ya soko bendi ilikuwa ipige uwanjani mchana. Musyoka aliingia na amplifaya yake, wakisaidiana kuibeba na Kilonzo, mtu wa Kambu aliyeendesha jenereta ya bendi.

"Fundi, tukiwasha hii pamoja na ile ya maikrofoni, inalia vuuum," alisema Musyoka. "Watu watasikia nini? Toa hiyo kelele. Tunaanza saa nane."

"Niachie hadi kesho."

"Kesho nitapigia nani? Punda?"

Chanzo nilikijua. Kila mashine ina waya wa arthi, ule wa tatu kwenye plagi, unaoipeleka ardhini stima iliyotoroka. Mashine mbili zikiunganishwa, arthi zao zinaweza kuzozana, na ugomvi huo ndio mngurumo. Kuna dawa ndefu, na kuna njia ya mkato. Nilifungua plagi nikaukata ule waya. Mngurumo ulinyamaza papo hapo. Musyoka alinikumbatia, nami nikaona fahari.

Saa tisa muziki ulikatika, nikasikia watu wakipiga mayowe. Transfoma ya amplifaya ilikuwa imeanza kuvujisha stima, na kwa kuwa arthi haikuwepo, stima ilifika kwenye nyuzi. Musyoka, mkono wa kushoto ukiwa kwenye gita, alishika maikrofoni kwa wa kulia. Akanaswa. Kilonzo alikimbia akazima jenereta, na hilo ndilo lililomwokoa. Lakini vidole viwili vya kushoto viliungua vibaya na havikukunjika tena.

Kesho yake wanabendi waliniletea amplifaya. Niliwaambia wangoje nje. Nikaurudisha ule waya mahali pake, ndipo nikawaita.

"Fundi, ni hii ama ni jenereta?"

"Hii iko sawa," nilisema. "Angalieni wenyewe. Ni jenereta."

Walimfukuza Kilonzo siku hiyo hiyo. Alipita dukani na sanduku lake la spana.

"Fundi, hiyo jenereta niliangalia asubuhi. Ilikuwa sawa. Si wewe unajua hizi vitu? Waambie."

Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi.

Niliomba uhamisho, na Meneja akanipeleka mji wa Wote. Huko nilitengeneza vipaza sauti vya makanisa, maana nayo yalikuwa yameanza kununua magita. Sasa nilikaribishwa chai kila mahali. Nilikunywa haraka na kuondoka, nikiogopa mtu aniulize kwa nini nilihama Kabati. Sikupata rafiki mwingine. Ukweli ni kwamba sikumtaka.

Nilistaafu miaka ya tisini. Mtu akistaafu hana tena kazi ya kujifichia, na mimi zangu zote zilikuwa za kujificha. Nikaenda Kilungu, ambako Musyoka alikuwa akilima machungwa. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama shambani.

"Hii mkono nimezoea," alisema mwishowe. "Lakini Kilonzo tulisema alitaka kuniua. Hakuna bendi ilimchukua tena. Umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia nini? Enda Kambu."

Hakunikaribisha ndani.

Kambu nilielekezwa nyumbani kwa Kilonzo, nyuma ya maduka. Mjane wake alinipa kiti, akaniambia mumewe alizikwa miaka miwili iliyopita. Nilimweleza hata hivyo. Nilitumaini angelia, au anitukane, nipate kuondoka.

"Kwa hivyo jenereta haikuwa na makosa?" aliuliza.

"Haikuwa nayo, mama."

Aliinuka akaenda mlangoni. Akawaita wanawe, kisha majirani, kisha shemeji zake waliokuwa wakiziba magurudumu kando ya barabara. Walikuja na mikono yenye grisi, wakajaa uani.

"Mzee," aliniambia, "sasa sema tena. Hawa wasikie."

Nilisimama mbele yao.

"Kilonzo ndiye aliyemwokoa Musyoka," nilisema. "Aliyekata waya ni mimi."