Kikohozi Alichokificha Susu

Siku moja naikumbuka hata leo, Mwanangu, nikimvuta nyanya yangu kwa fimbo kutoka Matinyani hadi hospitali ya misheni. Ilikuwa miaka ya thelathini, nzige wametoka juzi tu, na mimi ni msichana wa kuuliza maswali hadi watu wanakimbia. Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa pia na kikohozi cha kutikisa kitanda. Tulisema ni ugoro wake. Njia nzima alilamba asali ili kikohozi kinyamaze.

Daktari alikuwa mzungu, na dresa, Mkamba aliyemsaidia, alitafsiri. Daktari aliuliza kama Susu ana ugonjwa mwingine. Susu akasema hana hata kipele. Kifua kikapimwa, nacho kikatulia kama mbuzi mwizi. Akaambiwa jicho litakatwa asubuhi.

Tulipotoka nikamuuliza mbona amedanganya. Akanicheka. Mganga wa kwetu, akasema, huendi kumwambia unaumwa wapi. Anatikisa kibuyu chake, anakwambia yeye. Huyu mzungu naye akijua kazi, atakiona mwenyewe. Na tena, jicho na kifua wapi na wapi?

Hilo swali la mwisho lilinikera, kwa sababu sikujua jibu. Nikaenda kuchungulia wodini. Nikaona akina mama wamelala chali, kila kichwa kimebanwa na vifuko vya mchanga huku na huku, kama chungu kilichoegemezwa kisimwagike. Dresa alikuwa anapita na beseni. Nikamuuliza wamefanya kosa gani.

"Jicho likikatwa halishonwi," akasema. "Likitikiswa kabla ya kupona, linafunguka, ya ndani yanatoka." Akanionyesha kwa kidevu mama mmoja aliyekaa mlangoni, jicho moja limebaki shimo. "Huyo alipiga chafya tu."

"Na mtu akikohoa?"

Dresa akaweka beseni chini. "Nani anakohoa?"

Mwanangu, nilisema yote. Kikohozi, ugoro, asali, hata kitanda kinavyotikisika usiku.

Daktari hakukata. Alimpa Susu dawa ya kifua, akamwambia arudi kikohozi kikiisha. Susu akaondoka na hasira. "Macho ni yangu, wewe ni fimbo tu ya kunivuta," akaniambia. "Tangu lini fimbo ikasema?" Wiki nzima alikataa uji nikimpelekea mimi, akapelekewa na mtu mwingine.

Lakini dawa alikunywa, na ugoro akauacha huku akiutukana. Kikohozi kikaisha, tukarudi baada ya kuvuna mbaazi. Jicho moja likakatwa. Akalala katikati ya vifuko vya mchanga bila hata kuguna. Kitambaa kilipofunguliwa wakamvisha miwani mizito. Akanitazama polepole, juu hadi chini, mtoto ambaye hakuwahi kumwona.

"Kumbe una masikio makubwa hivi," akasema. "Na bado mdomo umeyashinda. Njoo hapa." Akanishika uso kwa mikono miwili, hakuniachilia haraka.

Sasa sikia, Mwanangu. Ukimpeleka mzee akatibiwe macho, usipeleke macho peke yake. Taja sukari, taja presha, taja kifua, taja miguu inayovimba. Mzee atasema hana kitu, kwa kiburi au kwa kuogopa kurudishwa. Wewe unayelala naye nyumba moja ndiye unayejua. Akikukasirikia, mwache akasirike, atakuja kukuona.

Na kwa vile mtoto wa jicho ameniingia mimi pia, na wewe ndiwe utakayenipeleka, nakujulisha mapema: nitakuwa mkaidi. Presha ninayo, na usiku naamka mara nyingi kwenda haja. Nikinyamaza, sema wewe. Nakutemea mate ya baraka kifuani kama Susu alivyonitemea: macho yako yazeeke yakiona, na mdomo wako usiogope mtu.